Jina la Fisi: Kiswahili katika Filamu Mbili za The Lion King, 1994 na 2019



Huenda baadhi yenu, mlipoliona tangazo la mhadhara huu, mlijiuliza filamu ya katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto ina nini cha kumshughulisha mtu anayekuja kusikiliza habari za Kiswahili. Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni fupi. Watu wengi duniani ambao hawajapata kumsikia Muyaka wala Shaaban Robert wanayajua maneno mawili matatu ya Kiswahili, na wengi wao wameyapata katika filamu moja. Mtaalamu wa lugha hawezi kulipuuza jambo hilo kwa sababu tu limetokea mahali pasipo na hadhi ya kitaaluma.

Katika mhadhara huu nakusudia kuilinganisha filamu ya The Lion King, yaani Mfalme Simba, iliyotolewa mwaka 1994, na ile iliyotengenezwa upya kwa jina hilo hilo mwaka 2019. Sikusudii kuamua ipi kati ya hizo ni bora. Kazi hiyo tuwaachie wahakiki wa sinema. Swali langu ni la kihistoria. Katika miaka 25 inayozitenganisha filamu hizi, nafasi ya Kiswahili ndani ya ngano hii ilibadilikaje? Nitajaribu kuonyesha kwamba picha zilibadilishwa zote, sauti zilibadilishwa karibu zote, lakini majina yaliguswa kidogo tu. Na katika majina hayo limo moja, jina la fisi, ambalo historia yake inatuhusu sisi wasemaji wa lugha hii kabla ya kuwahusu watengenezaji wa filamu.

Ngano na marudio yake

Kwanza niseme kwamba kuirudia hadithi si kosa. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitukumbusha kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na muktadha wake: fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa mtazamo huo, kila utambaji ni utengenezaji upya. Bibi anayemtambia mjukuu hadithi ya Sungura leo hawezi kuitamba sawasawa na alivyotambiwa yeye, na hakuna anayemlaumu. Tunalomdai ni kwamba ajue anabadilisha nini na kwa nini.

Kampuni ya Walt Disney ilijijengea jina kwa kuzigeuza ngano za Ulaya kuwa filamu za katuni. Snow White ya mwaka 1937 ilitokana na masimulizi yaliyokusanywa na ndugu Grimm wa Ujerumani. Cinderella ya mwaka 1950 ilimfuata Mfaransa Charles Perrault. Na Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ilitokana na ngano ya Kifaransa ya karne ya 18. Katika miaka ya 2010 kampuni hiyo ilizitengeneza upya filamu zake yenyewe: Cinderella mwaka 2015, Beauty and the Beast mwaka 2017, kisha, mwaka 2019, Mfalme Simba.

Mfalme Simba imo katika orodha hiyo kwa namna ya pekee, kwa kuwa haina ngano moja iliyokuwa chanzo chake. Watengenezaji wake wamekiri kuwa walitiwa msukumo na tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare na visa vya Biblia vya Yusufu na Musa. Mfalme Mufasa anauawa na nduguye, Scar. Mtoto wake, Simba, anafanywa aamini kuwa yeye ndiye aliyesababisha kifo hicho, anakimbilia mbali, anakua miongoni mwa marafiki wasiojali kitu, na hatimaye anarudi kudai haki yake. Kwa uainishaji wetu, hiyo ni hurafa, yaani ngano ambayo wahusika wake ni wanyama wenye tabia za binadamu. Kwa hiyo ni halali kuipima kwa vipimo tunavyovitumia kwa hurafa zetu.

Simba alipofika Chicago

Mfalme Simba haikuwa mara ya kwanza kwa Wamarekani kukutana na simba aitwaye Simba. Mwaka 1901, katika mji wa Chicago, kilichapishwa kitabu cha George W. Bateman kilichoitwa Zanzibar Tales, mkusanyo wa ngano zilizotafsiriwa kutoka Kiswahili. Edward Steere alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 1870 kwa mkusanyo wake wa Swahili Tales, wenye hadithi kama ile ya Sultani Darai na ile ya punda wa dobi, lakini Bateman aliandika kwa ajili ya msomaji wa kawaida wa Marekani. Wanyama wake aliwaacha na majina yao ya Kiswahili, akiyaandika kwa tahajia itakayomsaidia Mmarekani kuyatamka. Sungura alikuwa Sungura, fisi alikuwa Fisi, na simba alikuwa Simba.

Tofauti iliyopo kati ya simba huyo na yule wa 1994 inafaa kuangaliwa. Katika mojawapo ya ngano za Bateman, Sungura anauona mzinga wa nyuki katika mti mkubwa, naye anawachukua wenzake mmoja baada ya mwingine waende kula asali. Asali hiyo ni mali ya Simba. Simba ana nguvu na ana haki ya mali yake, lakini mshindi wa ngano ni mdogo mwenye akili. Wasikilizaji wa Unguja walimcheka Simba, hawakumlilia. Hurafa zetu nyingi humwona mwenye enzi kwa jicho la mtu aliye chini yake. Filamu ya 1994 iligeuza jicho hilo. Ndani yake ufalme ni haki ya damu, nchi husitawi mrithi halali akiwa kitini na hukauka akiondoka. Sisemi kwamba filamu ilikosea kwa kuwa tofauti. Nasema tu kwamba ngano hiyo ilichukua majina kutoka pwani yetu, lakini mtazamo wake wa enzi ulitoka kwingine.

Majina ya mwaka 1994

Kabla ya kuchora, baadhi ya watengenezaji walizuru Kenya mwaka 1991, wakaiangalia mandhari ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mandhari waliyachunguza kwa makini, na matokeo yake yanaonekana katika miamba na mwanga wa filamu. Je, lugha nayo ilichunguzwa kwa kiasi hicho?

Tuyaangalie majina. Simba ni simba. Kwa mtazamaji wa Ohio hilo ni jina geni lenye sauti nzuri. Kwa mtoto wa Tanga ni sawa na kumwita mbwa Mbwa. Rafiki, yule nyani mganga, ana jina linaloeleweka na linalomfaa. Sarabi, mama yake Simba, ana jina lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni mazigazi, yale maji ya uongo tunayoyaona juani, na kwa nchi ya nyika jina hilo lina uzuri wake. Pumbaa, ngiri, amepewa kitenzi: kupumbaa ni kuduwaa, kuzubaa, kupotewa na akili. Halafu wapo fisi watatu: Shenzi, Banzai na Ed. Banzai ni ukelele wa Kijapani, na Ed ni kifupisho cha jina la Kizungu. Wa kwanza, ambaye ni jike na kiongozi wao, ndiye mwenye jina la Kiswahili.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua jambo moja mara moja. Simba, rafiki na sarabi ni nomino kamili. Hazihitaji kiambishi ili zisimame. Lakini Pumbaa ni shina tupu la kitenzi, na Shenzi ni shina tupu la kivumishi. Msemaji wa Kiswahili, akitaka kumtukana kiumbe mwenye uhai, husema mshenzi, kwa kuwa viumbe vyenye uhai vimo katika ngeli ya A-WA. Shina lisilo kiambishi huonekana mahali pawili: katika kamusi, ambapo huandikwa likitanguliwa na kistari, na katika Kisetla, yaani Kiswahili kilichovunjwavunjwa cha walowezi wa Kenya ya kikoloni na watumishi wao. Ama tuchukue njia ya kwanza ama ya pili, jina hilo halikutoka kinywani mwa mtu aliyelelewa katika lugha hii.

Matokeo yake ni kwamba filamu hii ina hadhira mbili. Hadhira kubwa ya ulimwengu husikia majina kama muziki tu. Hadhira ndogo ya Waswahili huyaelewa, na kwa kuyaelewa huona filamu nyingine kidogo. Mtoto wetu husikia tusi ambalo nyumbani angechapwa kwa kulitamka, likiitwa kwa upole kama jina la mtu.

Neno shenzi kabla ya sinema

Sasa tuliangalie neno lenyewe, kwani lina historia ndefu kuliko sinema.

Katika miji ya mwambao ya karne ya 19, mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye asili inayojulikana mjini, mwenye dini, adabu na ufasaha wa kusema. Mshenzi alikuwa kinyume chake: mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiyejua mwenendo wa mji. Mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara alihesabiwa mshenzi. Mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa pwani, alikuwa amekwisha kupanda ngazi moja. Hivyo neno hili halikuwa tusi la hasira tu. Lilikuwa neno la mpangilio wa jamii, lililoamua nani yuko ndani na nani yuko nje, nani ataolewa na nani, na nani ataketi wapi katika karamu.

Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, alichunguza maisha ya Pangani na miji jirani hadi kufikia vita vya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani. Anaonyesha kwamba mpaka kati ya uungwana na ushenzi haukuwa ukuta uliotulia, bali ulikuwa ukigombewa kila siku. Watumwa, wapagazi na watu wa mashamba walidai nafasi zao katika ngoma, sherehe na ibada za mji, na wakubwa wa mji walijaribu kuwazuia. Neno mshenzi lilikuwa mojawapo ya silaha za kuwazuia.

Kamusi nazo zililiandika neno hilo, na kwa njia hiyo likapata makazi katika vitabu: limo katika kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na katika ile ya Johnson ya mwaka 1939. Walowezi wa Kiingereza nao waliliokota, wakalivua kiambishi, wakalitumia kwa kila kitu walichokidharau. Mbwa asiye na nasaba alikuwa mbwa shenzi. Kazi mbovu ilikuwa kazi shenzi. Ajabu ni kwamba dharau ya mwungwana kwa mtu wa bara iligeuzwa kuwa dharau ya mlowezi kwa Waafrika wote, mwungwana mwenyewe akiwamo. Uhuru ulipopatikana, siasa za usawa zililaani tabaka za aina hiyo, lakini neno halikufa. Tunalo hadi leo, na tunalitumia tukikasirika barabarani bila kukumbuka lilikotoka.

Nikirudi katika filamu ya 1994, nashangazwa na jinsi jina hilo lilivyokaa mahali pake. Fisi wanaishi nje ya mpaka wa ufalme, katika nchi ya kivuli na mifupa ya tembo. Wana njaa. Wamekatazwa kuingia. Wanapoingia, kwa msaada wa ndugu msaliti wa mfalme, mvua inakatika na majani yanakufa. Wanapofukuzwa, nchi inapata uhai tena. Hiyo ni ramani ile ile ya uungwana na ushenzi: mji wenye nuru, mpaka, na nje ya mpaka watu wasiotosheka. Tangu mwaka 1994 wapo Wamarekani waliolalamika kwamba fisi hao walipewa sauti zinazokumbusha vitongoji vya maskini weusi na Walatino wa miji yao. Shenzi alikuwa na sauti ya Whoopi Goldberg, na Banzai ya Cheech Marin. Walalamikaji hao wengi hawakuwa na Kiswahili. Laiti wangekuwa nacho, wangeona kwamba jina lilikuwa limekwisha kusema hayo kabla ya sauti kusikika.

Sidai kwamba watengenezaji waliijua historia ya Pangani. Yamkini walitafuta katika kamusi neno lenye maana ya ukali na ukosefu wa ustaarabu, wakalipata. Lakini neno likitolewa mahali pake halimwagi historia yake njiani. Na dharau iliyomo ndani yake haikutiwa na Hollywood. Iliwekwa na sisi.

Walipokuwapo wasemaji

Ingekuwa kosa kusema kwamba filamu ya 1994 ilizitumia lugha zote za Afrika kwa namna hiyo. Wimbo wa kwanza kabisa, jua linapochomoza, unafunguliwa kwa wito wa Kizulu uliotolewa na Lebo M, mwanamuziki wa Soweto aliyeishi uhamishoni. Humo mna sentensi; mna kitenzi, mtenda na mtendwa. Aidha, filamu hiyo ilitiwa sauti za Kizulu, hivyo watoto wa Afrika Kusini waliweza kuitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa lugha ya nyumbani. Kwa nini Kizulu kilipata sentensi na Kiswahili kikapata vibandiko? Sababu ni rahisi: Kizulu kilikuwa na mtu wake ndani ya chumba cha kurekodia.

Mfano unaoelekea kupinga hoja hii unaithibitisha. Usemi "hakuna matata", uliokuwa kichwa cha wimbo maarufu wa filamu, ni Kiswahili kamili. Una kikanushi, una kiambishi cha mahali, una nomino yenye asili katika -tata, yaani kilichofungamana kisifunguke, kama tunavyosema kutatiza na kutatanisha. Watengenezaji wamesimulia kwamba waliusikia safarini Afrika Mashariki, kwa mwongoza watalii. Naye mwongoza watalii alikuwa mrithi wa mapokeo ya hoteli za pwani, ambako wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms la Kenya, uliotolewa mwaka 1982, ulikuwa umeueneza usemi huo. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. liliupeleka Ulaya. Wengi wetu, hasa huku Tanzania, tungesema hakuna shida au hamna taabu. Hata hivyo usemi ule ulikuwa na msemaji, na kwa sababu hiyo ulifika Marekani ukiwa mzima.

Ulipofika, ukapata mwenyewe. Mwaka 1994 Disney iliomba usemi huo uandikishwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na uandikishaji ukakamilika mwaka 2003. Kisheria, jambo hilo halimzuii mtu yeyote kusema hakuna matata. Linahusu uuzaji wa bidhaa za aina fulani katika nchi ile. Lakini mwishoni mwa mwaka 2018, filamu mpya ilipokuwa ikingojewa, mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la kupinga alama hiyo, na watu zaidi ya 100,000 wakatia saini. Jambo la kutufikirisha ni kwamba sauti kubwa ilitoka Zimbabwe, nchi ambayo Kiswahili si lugha yake. Sisi wenyewe tulikuwa tumekaa na jambo hilo kwa miaka 15.

Filamu ya mwaka 2019

Filamu ya pili iliongozwa na Jon Favreau. Ile ya kwanza, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ilikuwa ya dakika 88 na ilichorwa kwa mkono, isipokuwa sehemu chache kama ile ya nyumbu wanaokimbia korongoni, iliyosaidiwa na kompyuta. Ya pili ni ya dakika 118, na wanyama wake wanaonekana kama wanyama halisi waliopigwa picha mbugani. Favreau mwenyewe alieleza kwamba vipande 1,490 vya filamu hiyo vilitengenezwa kwa kompyuta, na kimoja tu, cha jua linalochomoza mwanzoni, ndicho kilichopigwa kwa kamera barani Afrika.

Watazamaji wengi walilalamika kwamba nyuso za wanyama hao hazionyeshi huzuni wala furaha. Kwa mwanafunzi wa ngano, lalamiko hilo lina sababu yake. Mtambaji wetu husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili wote wanakubaliana kwamba wanaingia katika ulimwengu ambamo simba husema. Mchoro wa mkono ulikuwa paukwa ya filamu ya 1994. Filamu ya 2019 iliuondoa mlango huo. Inatuonyesha simba wa kweli, kisha inatutaka tukubali kwamba anaimba.

Kuhusu sauti, mabadiliko yalikuwa makubwa na mengi yalikuwa ya kheri. James Earl Jones alirudi kuwa Mufasa, lakini Simba, Nala na Scar walipewa waigizaji weusi: Donald Glover, Beyoncé na Chiwetel Ejiofor. Rafiki alipewa John Kani wa Afrika Kusini, naye akaja na Kixhosa chake. Kani ndiye yule yule aliyependekeza kutumia Kixhosa katika filamu ya Captain America ya mwaka 2016, na kwa pendekezo lake Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda katika Black Panther ya mwaka 2018. Hapa tena tunaiona kanuni tuliyoigundua kwa Lebo M: mzungumzaji akiwapo, lugha husimama kwa miguu yake.

Na Kiswahili? Kiliongezewa maneno, lakini hakikuongezewa msemaji. Banzai na Ed waliondolewa, na mahali pao wakaja fisi wawili wapya, Kamari na Azizi. Azizi ni jina jema. Maana yake ni mpendwa, mwenye thamani, na wapo watu wengi miongoni mwetu wenye jina hilo. Kamari ni jambo jingine. Mwenye Kiarabu atasikia humo kamar, yaani mwezi, na huenda hilo ndilo lililokusudiwa. Lakini katika Kiswahili kamari ni mchezo wa kuwekeana fedha, na hakuna mzazi anayemwita mwanawe hivyo. Katika wimbo mpya wa Spirit, ulioimbwa na Beyoncé, mna wito wa Kiswahili wa kumtakia mfalme umri mrefu. Ni sentensi kamili, na sarufi yake haina kosa. Hata hivyo imejengwa kwa kuufuata usemi wa Kiingereza neno kwa neno. Msemaji wetu angesema tu kwamba mfalme adumu. Kutoka kwenye kibandiko tulifika kwenye sentensi, lakini sentensi iliyowaza kwa lugha nyingine.

Tumrudie fisi. Katika filamu ya 2019 Shenzi si mchekeshaji tena. Sauti yake ni ya Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala, na amefanywa malkia mkali wa ukoo wake, mwenye uadui wa muda mrefu na simba. Mabadiliko hayo yanapatana hata na sayansi, kwani katika jamii za fisi madoa majike ndio watawala. Mhusika amerudishiwa heshima, sauti na cheo. Ila jina limebaki. Kwa sikio la Kiswahili, tunaye malkia aitwaye Mshenzi, na wafuasi wake humtii kwa kumwita kwa tusi. Watengenezaji waliona vema kuyaondoa majina ya Kijapani na Kiingereza, maana yake mlango wa kubadilisha majina ulikuwa wazi. Jina la Kiswahili, lenye dharau kuliko yote, halikumsumbua mtu aliyekuwapo.

Mwendo huo uliendelea katika filamu ya Mufasa ya mwaka 2024, inayosimulia ujana wa mfalme huyo. Nduguye, kabla hajawa Scar, anaitwa Taka, shina tupu jingine. Sikio letu husikia ama kitenzi cha kuhitaji ama uchafu unaofagiliwa asubuhi. Nchi njema ambayo wanyama wanaitafuta inaitwa Milele. Hadhira ya ulimwengu itasikia humo tumaini. Sisi tuliozoea kuambiwa makaburini kwamba marehemu amekwenda kwenye makao yake ya milele, tutasikia jambo jingine pia.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba ulinganisho wa filamu hizi mbili hautupi hadithi nyepesi ya maendeleo wala ya uharibifu. Picha zilibadilika kwa sababu mashine zilibadilika. Waigizaji walibadilika kwa sababu watazamaji wa Marekani walidai wabadilike, na waigizaji wenyewe walikuja na lugha zao. Majina ya Kiswahili hayakubadilika kwa sababu hakuna aliyedai.

Kutokana na hayo nina mambo mawili ya kusema. La kwanza ni kwa taaluma yetu. Tumezoea kuhesabu ushindi wa Kiswahili kwa kuhesabu mahali kinaposikika: katika Umoja wa Afrika, katika redio za nje, katika siku ya 7 Julai ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kusikika si sawa na kusema. Lugha inasema pale ambapo yupo mtu wa kuisemea, mfasiri, mshauri, mwandishi au mwigizaji, ambaye akiletewa jina la Kamari anaweza kuuliza kwa upole kama wenzake wanajua maana yake. Kuwaandaa watu wa aina hiyo ni kazi ya vyuo vyetu, na si kazi ya Hollywood.

La pili ni gumu zaidi, na linatuhusu nyumbani. Ni rahisi kuwacheka wageni waliomwita fisi Shenzi. Lakini wao hawakulitunga neno hilo. Lilitungwa pwani, likatumiwa na mwungwana dhidi ya mtumwa wa bara, likaazimwa na mlowezi, likawekwa katika kamusi, na siku moja msomaji wa mbali akalifungua ukurasa wake na kulichukua. Wahenga wamesema jina jema hung'ara gizani. Jina baya nalo halipotei gizani. Hukaa likisubiri wa kuliokota. Kabla ya kuwataka wengine wambadilishie fisi jina, itafaa tujiulize ni nani ambao sisi wenyewe bado tunawaita hivyo, na ni mpaka gani tunaoulinda kwa kufanya hivyo.